Héritière Katika Visiwa vya Gogo Katina

Héritière, mzaliwa wa Uvira, alikuwa na kazi ambayo majirani zake wa Troyeville, mtaa wa Johannesburg, waliionea wivu. Alimtunza mjane mmoja wa Kigiriki katika nyumba kubwa huko Bezuidenhout Valley. Alimwogesha, alimlisha, na zaidi ya yote alimsikiliza. Mzee huyo aliitwa Katina, lakini Héritière alimwita Gogo, kama bibi wanavyoitwa Johannesburg.

Gogo Katina alizaliwa Kalimnos, katika kundi la visiwa vya Ugiriki vinavyotazamana na Uturuki. Miguu ilipoanza kumkatalia, alimwambia mwanawe Stavros kwamba anataka kuvizungukia tena kwa feri kabla hajafa. Stavros alikubali, mradi Héritière aende naye.

"Utaona bahari nzuri," Stavros alimwambia. "Watu wanatoka dunia nzima kwenda kupumzika kule."

Héritière aliitikia kwa kichwa tu. Mdogo wake Ezéchiel aliishi naye chumba kimoja, mpaka banda lake la viatu lilipochomwa katika fujo za kuwafukuza wageni. Aliichoka Johannesburg, akaenda Uturuki. Ujumbe wake wa mwisho kwa dada yake, ambaye alimwita Yaya, ulisema: "Yaya, tuko ufukweni. Naona taa za Ugiriki. Kesho tunavuka." Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Walianzia Kos. Juu ya feri watalii walijipaka mafuta na watoto walilamba aiskrimu. Héritière alikisimamisha kiti cha magurudumu cha Gogo penye kivuli, kisha akaangalia ng'ambo. Milima ya Uturuki ilikuwa karibu hivi kwamba aliona nyumba na miti. Siku zote alikuwa amewaza bahari isiyo na mwisho, kumbe ni hapa tu.

Kila kisiwa walichoshukia, Gogo akishakaa mkahawani na kahawa yake, Héritière alikwenda bandarini na picha ya Ezéchiel kwenye simu. Wavuvi walitikisa kichwa. Askari mmoja aliitazama kwa upole, akamwambia aulize kisiwa cha Leros.

Huko Kalimnos, nyumba alimozaliwa Gogo ilikuwa imegeuzwa hoteli. Binti wa mapokezi alimwuliza kama ameweka nafasi. Gogo aliutazama ukuta uliopakwa rangi upya, akasema, "Nirudishe kwenye feri." Tangu saa hiyo hakukitaja tena kisiwa chake.

Huko Leros, mlinzi wa makaburi alimpeleka Héritière nyuma ya ukuta. Palikuwa na matuta ya udongo ya watu waliookotwa baharini, na kila moja lilikuwa na kibao chenye tarehe, bila jina.

"Huyu alikuwa mwanamume?" Héritière aliuliza, akionyesha tuta moja.

"Wengine hatukuweza kujua," mlinzi alijibu. "Wanaweza kupima damu yako waone kama ndugu yako yumo, lakini ni Athene, na ni lazima usubiri."

Hangeweza kusubiri. Viza yake ilikuwa inaisha, na Gogo alikuwa peke yake mkahawani. Alipita kaburi kwa kaburi akiita, "Ezéchiel," kwa sauti ya mtu anayemwamsha ndugu yake asichelewe kazini. Alipomaliza, feri ilikuwa inapiga honi. Akakimbia.

Waliporudi Johannesburg, Gogo alikataa chakula. Alifariki kabla ya baridi kuanza. Stavros aliiuza nyumba, akamshukuru Héritière, akahamia kwa watoto wake Australia. Siku hizi Héritière anafagia ngazi za ofisi huko Braamfontein, pale anapohitajika. Siku nyingine hahitajiki.

Jumapili moja mama yake alipiga simu kutoka Uvira. Kwa muda mrefu Héritière alikuwa amemkwepa.

"Ulifika kule alikopotelea mtoto?"

"Nilifika, mama."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Hakuna anayemjua."

Héritière alisikia kuku wakipiga kelele uani kwao.

"Basi urudi," mama akasema. "Upite na pale ambapo hukufika."

Héritière alijua hakuna atakayempeleka tena. "Ndiyo, mama," akajibu.

"Na yale maji, ni ya baridi?"

"Hapana, mama. Yana joto. Watu wanaogelea."