Kijani Chini ya Buluu

Harufu ya msasa uliolowa, katika gereji moja ya Nguba, imenirudisha uani kwetu, nilipokuwa mtoto. Papa, baba yangu, alikuwa akisugua mlango wa gari alilotoka kulinunua, na chini ya buluu ikajitokeza rangi ya kijani. Jirani yetu, ambaye mumewe alikwenda Mwenga na gari lake asirudi, akaweka kiganja pale.

"Hii iko motokari ya bwana yangu."

"Maman, motokari ya kijani iko mingi."

Papa akasugua hadi kijani ikatoweka, kisha akanishika mkono.

"Funga macho, gusa. Iko laini?"

"Iko laini, papa."

Nilipofumbua macho, yule mama alikuwa akinitazama. Mtaa ulisema mengi juu ya papa na gari lile, nami siusadiki uvumi. Mlango ulikuwa laini kweli. Ila hadi leo sijui, kwa kusema vile mbele ya yule mama, nilikuwa nimetoa ushahidi wa nini.