Punda Mweupe wa Kanyiva

Kalunde wa Kathonzweni alikuwa mama wa kazi, hilo hakuna anayebisha. Alichota maji kwa punda tangu aolewe, na dume wake, Komesha, ndiye aliyetangulia mbele ya maandamano ya kanisa kila Jumapili ya Matawi. Kalunde mwenyewe alishika kamba, leso mpya kiunoni, kidevu juu. Siku hiyo ilikuwa yake, basi.

Halafu punda wa Kanyiva akazaa mtoto mweupe pe pe pe! Kanyiva na Kalunde wameolewa na ndugu wawili, na punda wao wa kike ni dada, mama mmoja, zawadi ya baba mkwe. Baba wa huyo mtoto ni Komesha, aliyeruka ua bila kuomba ruhusa. Watu wakatoka hata Kalamba kuja kupiga picha. Pasta naye akatangaza kwamba mwaka huu atatangulia mwanapunda mweupe.

Wivu ukamshika Kalunde. "Weupe ni wa yule jike wa Kanyiva," alijiambia, "lakini hatazalishwa tena bure na dume wangu!" Kesho yake akamwita mtu wa kuhasi. Komesha akahasiwa.

Jua lilipokuwa kali, pua ya mwanapunda ikababuka. Kanyiva akamwita Mulinge, daktari wa mifugo. Kalunde naye akafika mbio, eti anaomba chumvi. Chumvi gani! Alitaka kusikia kwa masikio yake kwamba mnyama ni mgonjwa.

"Si ugonjwa," Mulinge akasema, akichungulia jicho la buluu lililofinywa na mwangaza. "Huyu ni zeruzeru. Mwili wake hautengenezi rangi. Mweke kivulini, umpake mafuta puani."

"Kama wale farasi weupe wa kwa picha?" Kanyiva akauliza.

"Hapana. Wale wengi macho yao ni meusi, na kuna weupe wao unaotoka kwa mzazi mmoja tu. Huu lazima utoke kwa baba na mama, wote wawili, hata kama wao ni wa kijivu. Wanaubeba ndani, hauonekani."

"Hata baba?" Kalunde akasahau chumvi.

"Ndiyo, mama. Bila huyo dume, hakuna mweupe. Na kama kuna jike mwingine wa ukoo huu, huenda naye anaubeba. Akipandwa na dume huyo, mnaweza kubahatika."

Kalunde akatazama upande wa nyumbani kwake.

Kanyiva, masikini, hana baya na mtu, akamgeukia Kalunde kwa furaha. "Aiya, Mama Munyao! Si huyo ni jike wako! Waweke pamoja upate wako, Jumapili ya Matawi tutembee sisi wawili."

"Nitaona," Kalunde akajibu, na akaondoka bila chumvi.

Nyumbani alimkuta Komesha amesimama kando ya jike, anatafuna majani polepole. Tangu ahasiwe hajaruka ua hata mara moja.