Antena Iliyoshushwa Kumlaki Mgeni Rasmi

Shuleni kwetu, hapa Kigoma, akitajwa mgeni rasmi tu, akili zote zinafungiwa stoo. Mawe yanapakwa chokaa, vyoo vinaonja sabuni. Hayo tumezoea. Ila mwaka huu waligusa antena yetu, na mpaka leo nina hasira.

Antena ilikaa juu ya mnara wa tangi la maji, mahali peupe kuliko pote. Klabu yetu ya sayansi ilipewa na watafiti wenye setilaiti inayochunguza jinsi jua linavyoivuruga anga ya juu, mpaka redio zinakoroma na ramani ya simu inasema uko katikati ya ziwa, kumbe umekaa zako Gungu unakula mihogo. Setilaiti ilipima kutoka juu, sisi kutoka chini, muda uleule. Timu moja iliiongoza, nyingine, ya chuo kikuu, ilikusanya vipimo vya vituo vyote. Sisi wenye sare zilizopauka tulikuwa kituo.

Kila Jumatatu tulikutana kwa video, kila timu ikasema imegusa nini. Sheria kubwa ilikuwa kwamba husogezi kitu kabla hujawaambia wengine. Hata waongoza setilaiti walituomba radhi kabla ya kuzima kifaa kidogo tu. Sisi! Nyumbani Kasingirima mtu akinikanyaga ananiuliza mguu wangu unafanya nini pale.

Kiongozi wetu, dada wa kidato cha tano, mkali kama pilipili kichaa, ndiye aliyewabembeleza waongoza setilaiti wakakubali kuwasha kifaa chao juu yetu wiki nzima, jioni setilaiti ikipita. Betri yake haitoshi kuwashwa kila mahali, na kituo kingine kilikuwa kinaitaka wiki hiyohiyo. Kikanyimwa.

Jumatatu ya wiki yetu nikaikuta antena chini ya kibaraza cha bati, mbele ya ofisi, imepakwa rangi ya fedha na kufungwa utepe.

"Mzee, nani kaishusha?" nikamuuliza mlinzi.

"Mkuu. Tangu Ijumaa. Mgeni atapandaje tangi na kitambi kile? Mbona imependeza?"

"Imependeza nini! Hapo inasikiliza bati!"

Dada alipofungua kompyuta, mistari ilikuwa inarukaruka kama dagaa wa Kibirizi wakimwagwa kwenye mtumbwi. Tukamkimbilia mkuu wa shule. Akatutazama kama tumeomba likizo.

"Mgeni atakaa kwenye kikao chenu leo. Semeni mambo yanakwenda vizuri. Hayo mengine wiki ijayo."

Kikao kikaanza, mgeni katikati, mkuu na suti yake pembeni. Kwenye skrini, yule wa timu ya chuo kikuu alikuwa anachekelea.

"Kigoma, kwenu kuna msukosuko ajabu! Tunataka tuwaongezee siku."

Mkuu akamkazia dada macho. Mimi mdomo wangu haujawahi kupata adabu.

"Msukosuko upo, mwalimu," nikasema, "ila uko kwenye bati la ofisi ya mkuu."

Mgeni akaangua kicheko, akidhani ni sehemu ya burudani. Dada ndipo akaeleza yote.

"Asanteni kwa kusema," akajibu wa chuo kikuu, sauti imeshuka. "Vipimo tangu Ijumaa tunavitupa."

Akafuata mwongoza setilaiti. Kusafisha antena, kuirudisha na kuipima upya kungemaliza wiki. Jioni zilizobaki zikapewa kile kituo kingine. Dada akawashukuru kwa heshima zote, akafunga kompyuta taratibu.

Tukatoka kuichukua antena.

"Subirini kwanza," mkuu akasema. "Mgeni hajapiga nayo picha."

Tukapangwa. Mgeni akaushika utepe, mpiga picha akapaza sauti: "Tabasamu, wanasayansi!"

Picha imetundikwa ofisini, kwenye fremu. Dada ametabasamu, ana adabu zake. Mimi nimenuna, na mkuu amesema watanikata pichani.