Rangi Nyekundu ya Delmar Kucera

Kituo cha mafuta cha kijiji kilipofungwa, Delmar Kucera alipoteza petroli na kahawa ya asubuhi kwa mpigo mmoja. Alikuwa mgane wa miaka sabini na mmoja, mfugaji wa vilima vya mchanga vya Nebraska, na kilichombakia cha kumkutanisha na watu kilikuwa barabara. Huko madereva wanaopishana huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Nyuso hazionekani kwa mbali. Watu hutambua gari. Siku nyingi, kidole kilichoinuliwa kwa ajili ya pikapu yake nyekundu ndicho kilichokuwa salamu yake pekee.

Sasa pikapu hiyo ilikuwa ikikata roho, na petroli ilikuwa umbali wa maili hamsini. Umeme ulifika hadi zizini kwake. Basi Oktoba ile akaenda mjini North Platte kuagiza pikapu ya umeme.

Muuzaji, Janelle Obermeier, alimgeuzia kompyuta. "Betri kubwa ni lazima, Bwana Kucera. Ile ndogo itakuacha njiani kwenye baridi ya Januari. Nimeshafuta paa la kioo, viti vya ngozi na spika. Tuko dola elfu sabini na tisa na mia sita."

"Tia nyekundu."

"Nyekundu inaongeza mia saba na hamsini."

"Kwa rangi? Ng'ombe wangu huzaliwa na rangi yao bila malipo!"

Janelle alicheka, kisha akamwonyesha mstari wa kodi kwenye skrini. "Serikali inakupunguzia kodi elfu saba na mia tano, bei isipozidi elfu themanini. Ukivuka kwa dola moja, hupati hata senti. Nyeupe ni bure."

"Nyeupe ni gari la msoma mita, dada. Watadhani nimekuja kuwakatia umeme."

"Si utaipaka baadaye?"

"Kwa pesa ya nani?"

Kikomo kiliwekwa ili matajiri wasinunuliwe anasa na umma, na hilo ni jema. Lakini sheria inayoweka paa la kioo la tajiri na rangi inayomtambulisha mzee mpweke katika fungu moja imeandikwa kwa uvivu, na uvivu wa watunga sheria hulipwa na wasioonekana. Bila nafuu ile Delmar asingeweza kununua. Akatia sahihi: nyeupe.

Jumanne moja ya Januari, akiendesha pikapu mpya nyeupe, alipishana na Lorene Hruska, jirani yake aliyekaa maili tisa kutoka kwake. Akainua kidole. Lorene alitazama mbele, kama mtu anayepita gari la serikali. Vivyo hivyo Jumatano. Vivyo hivyo Alhamisi.

Ijumaa, alipoliona tena lori la Lorene likija, Delmar alishusha kioo. Upepo wa barafu ukamchapa shavuni. Akavua glavu, akautoa mkono wote nje, kidole kimoja juu.

Lorene akapita.

Kwenye kioo cha kutazamia nyuma, taa za breki za Lorene ziliwaka kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Kisha zikazimika, na lori likaendelea. Delmar aliuacha mkono nje mpaka hakusikia tena vidole.