Sifuri ya Mtihani wa Wodini

Mie nilikuwaga simwamini mwanafunzi yeyote siku ya mtihani. Nimefundisha udaktari wa watoto miaka mingi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupima kama hawa tunaowapa vyeti wanajua wanachokifanya. Mbinu zao nazijua zote. Kwenye mtihani wetu wa wodini mwanafunzi anakaa saa nzima na mama na mtoto mgonjwa, anauliza, anampima, halafu anakuja kutueleza ugonjwa. Basi wapo wanaomnong'oneza mama, "Wameshakwambia mtoto anaumwa nini?" Na akina mama wetu wana huruma, wanasema. Kwa hiyo kila asubuhi ya mtihani nilipita kitanda kwa kitanda, katika hospitali moja upande wa Temeke, nikiwaonya: jina la ugonjwa msilitaje.

Siku hiyo nilimpanga mtoto wa miezi mitano mwenye tundu kwenye moyo. Mama yake alitoka Keko, bado kijana, mpole. Mwanafunzi aliyempata alikuwa binti anayerudia mwaka. Akifeli tena anadisko, chuo kinamrudisha kwao moja kwa moja, na sote tulilijua hilo.

Saa yake ilipoisha akaingia chumba cha mtihani, akatuamkia mimi na mtahini mwenzangu, na kabla hata hajafungua karatasi zake akasema mtoto ana tundu kwenye moyo, na moyo umeelemewa. Machale yakanicheza. Wenzake huzunguka kifua kizima, mara nimonia, mara pumu, mpaka waje waufikie moyo.

"Nani amekwambia?"

"Mama yake, daktari."

Hata aibu hana. Nilikasirika. Sikumwacha aeleze zaidi. Nikamwandikia sifuri, nikamwambia asubiri nje, nikaenda wodini kutafuta ushahidi.

"Si nilikukataza?" nilimuuliza yule mama.

"Sikutaja, daktari. Na yeye hakuniuliza jina la ugonjwa." Alikuwa anamfuta mtoto jasho. "Aliniuliza nikimnyonyesha inakuwaje. Nikamwambia ananyonya kidogo, anaachia, anahema, jasho linamtoka kichwani, analala. Akiamka tunaanza upya. Akakaa hapo akamtazama mpaka akanyonya tena."

"Mbona mimi hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nilifungua faili. Mwandiko wangu mwenyewe, wa wiki iliyopita: ananyonya vizuri. Nikaweka mkono tumboni mwa mtoto. Ini lilikuwa limeshuka vidole vitatu chini ya mbavu. Ini hilo, na lile jasho la kunyonya, ndizo dalili zenyewe: moyo ulikuwa umeelemewa kweli. Niliona haya, tena haya kubwa. Nikamwita muuguzi tumwanzishie dawa, ndipo nikarudi.

Binti alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba magotini, ameshamaliza kulia. Nikamwita ndani. Kuomba radhi si kitu nilichozoea, lakini niliomba, mbele ya mtahini mwenzangu. Nikamwambia sifuri nimeifuta na amefaulu.

Hakutabasamu. Aliitazama ile karatasi mezani, kisha akanitazama mimi, hivyo hivyo ninavyowatazamaga wao.

"Naomba uandike alama mpya sasa hivi, daktari, na usaini nikiwa naona."

Nikaandika, nikasaini. Akataka na mwenzangu asaini.