Mafuta ya Nazi Kwenye Mpira wa Hewa

Mume wangu alikuwa mzamiaji bandarini, na mimi ndiye niliyemtunzia mpira wa hewa. Watu wakisikia hivyo hucheka. Wanadhani kazi ya mke wa mzamiaji ni kuomba dua na kupika. Nilizifanya zote mbili, lakini kila Alkhamisi mpira ule uliletwa nyumbani kwetu mtaa wa Malindi kwa gari la hamali, nami niliukalia uani tangu adhuhuri mpaka nguo zangu zote zikalowa.

Siku hizo mtu alishuka chini na kofia ya shaba kichwani na viatu vizito vya madini ya risasi miguuni. Juu, kwenye tishari, chombo kipana cha kazi za bandari, wanaume wawili walizungusha gurudumu la pampu, na hewa ikamfikia kwa mpira tu. Njia nyingine haikuwepo. Kila nilipoushika nilikuwa naishika pumzi ya mume wangu, na sikupenda mtu aniharakishe.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuupima. Kwanza niuoshe kwa maji ya bomba, chumvi itoke. Kisha niukunje kidogo kidogo na kutazama mgongo wa kila kunjo, kwa sababu mpira unaozeeka huanza kupasuka hapo, mipasuko myembamba kama ya kisigino cha mtu anayetembea pekupeku. Halafu niubonyeze kwa ukucha: ukirudi upesi ni mzima, alama ikibaki una maradhi. Mwisho niuzamishe kwenye karai, nizibe ncha moja, nipulize nyingine, nitazame kama kuna povu. Mpaka leo mashavu yangu yanakumbuka kazi ile.

Mpira wenyewe haukuwa mpya tulipopewa. Mwaka wa pili ukaanza kukauka. Niliukunja nikaona mipasuko, nikamwambia, naye akamwambia msimamizi wake, na msimamizi akajibu kwamba mpira mwingine utakuja na meli. Meli zilikuja nyingi, zikashusha kila kitu isipokuwa huo.

Sasa nieleweni. Kwetu kinachokauka hupakwa mafuta. Mtoto akitoka kuoga anapakwa, nywele zinapakwa, bawaba za mlango zinapakwa, vyombo vya baharini vinapakwa sifa, yale mafuta ya papa, mpaka mji mzima unanuka. Kwa hiyo nilichukua mafuta ya nazi, niliyoyapika mwenyewe kwa nazi za shamba la mama yangu Bububu, nikaupaka mpira wote kwa kiganja. Nikaona haitoshi. Nikamimina na ndani, nikawa nainua ncha hii na kushusha ile mpaka yakafika kote.

Ukawa mweusi, unang'aa, laini. Mipasuko ikafumba. Mzee wa Kitumbatu aliyekuwa akimshikia mume wangu kamba ya ishara aliushika akasema mpira huu umezaliwa upya, na mimi nilipoletewa salamu hizo nilivimba kichwa wiki nzima. Basi nikawa naupaka kila Alkhamisi, kwa miezi.

Asubuhi moja nilikwenda Darajani kununua samaki. Karibu na soko alikaa fundi wa baiskeli, na nilipopita alikuwa anamgombeza kijana aliyemwagia mafuta mnyororo wake mpaka yakachuruzika kwenye tairi. Fundi aliibana tairi kwa vidole viwili ikabonyea kama unga uliokandwa. Nilisimama. Nilimuuliza, hata mafuta ya nazi?

"Mafuta ni mafuta, bibi," alinijibu. "Mpira huyanywa. Utauona laini, mzuri, na ndani ushaoza."

Sijui kikapu changu nilikiacha wapi. Najua nilikimbia, buibui nimelikusanya mkononi, katikati ya mji ambao kila mtu alinijua na kumjua mama yangu. Walioniuliza kuna nini niliwapita. Kila hatua nilikuwa nauona ule mpira kwenye karai, nauona ukibonyea na kurudi upesi, ukinidanganya, na mimi nikifurahi. Nilijiita mjinga, kisha muuaji, kwa sauti, barabarani.

Tishari ilikuwa mbali na gati. Niliona wale wawili wanazungusha gurudumu, na hilo tu ndilo lililonizuia nisianguke: likizunguka, anapewa hewa. Nilipiga kelele, upepo ukazichukua. Nikamng'ang'ania mwenye kidau aliyekuwa akivusha watu melini, nikaingia kabla hajakubali, naye akaona heri apige kasia kuliko kubishana na mwanamke wa aina yangu. Kidau kilikwenda polepole mno. Nilipiga maji kwa viganja, kana kwamba ingesaidia.

Nilipanda tisharini nimelowa hadi kifuani. Mzee wa Kitumbatu alikaa na kamba yake mkononi, akanitazama juu hadi chini.

"Hata shikamoo, mwanangu?"

"Mtoe," nilimwambia. "Mpira nimeupaka mafuta. Nimeupaka hata ndani. Unaoza, mtoe."

Alianza kusema kwamba mtu hatolewi bila kuomba mwenyewe, kwamba kazi ya mnyororo wa nanga kule chini haijesha. Kisha akawageukia wale wa pampu. Tangu asubuhi walikuwa wanalalamika kwamba gurudumu zito, naye alikuwa akiwatania kwamba hawajanywa uji. Alilishika gurudumu kwa mkono wake mwenyewe, akalizungusha mara moja, na uso wake ukabadilika.

Alivuta kamba mara nne. Hiyo ndiyo ishara ya kupanda, na aliye chini hujibu kwa kuvuta vilevile. Hakuna aliyejibu. Akavuta tena. Nilipiga magoti nikaushika mpira pale ulipoingia majini, nikahisi hewa ikipita ndani yake kwa shida, ikisita, ikisukumwa, ikisita. Niliona aibu kumwomba Mungu, kwa sababu ni mkono wangu uliofanya. Nikamwomba hivyo hivyo.

Kamba ikatikisika. Mara moja tu, kwa unyonge. Mzee akaanza kuvuta.

Walipomfungua kioo midomo yake ilikuwa ya majivu, na alipumua kama aliyepanda ngazi za nyumba nzima akiwa na gunia mgongoni. Aliniona, asishangae. Baadaye mzee alikata kipande cha mpira kwa kisu. Ndani kulikuwa kumevimba na kuchubuka kama mkate uliosahauliwa kwenye chai, na tundu la kupitisha hewa halikutosha kidole changu kidogo.

Nyumbani nilimuuliza. Wewe ndiye uliyenifundisha, nilimwambia, unaujua mpira kuliko mimi, hukuona kitu miezi yote hii?

Alikaa kitako mkekani.

"Nliona," alisema. "Nlijua tangu wiki ya kwanza, nlinusa. Kule chini hakuna harufu ila shaba na mpira. Halafu ikawa kila wakizungusha pampu, inakuja harufu ya nywele zako. Nkasema ntakwambia kesho. Ikawa kila siku kesho."

Nilimrushia kata ya maji, ikampata begani. Nilimwita kila jina nililolijua, nikalia mpaka majirani wakabisha hodi. Sijapata kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia yeye siku ile, na nilimshika mkono wake sikuuachia hadi asubuhi.

Mpira mpya ulikuja baada ya hapo, upesi ajabu. Niliutunza kwa maji matupu, nikauanika kivulini, chupa ya mafuta nikaifungia kabatini. Akirudi kazini nilimuuliza hewa ya leo ilikuwaje. Alinijibu kuwa safi, haina harufu yoyote, na alilisema hilo kama mtu aliyenyimwa kitu.