Niliupasula Mwisho wa Kitabu

Ninyi vijana mutakaosoma haya, mukae vizuri kwanza, na telefone muziweke chini. Mimi si mutu wa kuandika. Nilifika mwaka wa ine wa primeri, baba akasema inatosha, na tangu siku ile kalamu naishika kwa barua za matanga tu. Lakini mujukuu wangu aliniuliza swali mbele ya wenzake wa chuo kikuu, nikamudanganya, na uongo kwa umri wangu ni muzigo muzito.

Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, wanakuja kwangu, wanapanga viti vya plastiki katika parseli, uwanja wa nyumba yangu, wanazungumza juu ya vitabu vya hadithi walivyosoma. Juma lililopita binti mumoja alisema, "Mi nililia siku mbili juu ya ule mama."

"Machozi ya bure," mwenzake akamujibu. "Mi nilimuchukia. Juu ya nini alibakia kwa ule bwana?"

"Weye unasema hivyo juu hauna bwana."

Wakacheka. Ndipo mujukuu akanigeukia. "Koko, na weye, kuko roman moja yenye ilikugusa roho?"

Nikasema naenda kuangalia maharagwe motoni. Maharagwe hayakuwa na shida yoyote. Nilisimama jikoni nikishika mwiko, uso ukiniwaka kama mutoto aliyekamatwa. Jibu lenyewe ni hili.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja hivi, parseli yetu ilikuwa juu ya kilima, hapa hapa Bukavu, udongo mwekundu na mabati yenye kutu. Mama yangu alikaanga karanga asubuhi na kwenda kuziuza sokoni Nyawera. Harufu ile ilituamusha kabla ya kengele ya Misa. Kazi yangu ilikuwa kukunja makaratasi kuwa vifuko vyenye ncha, vya kutilia karanga. Karatasi yoyote ilifaa: gazeti la zamani, daftari lililokwisha, hata kalenda ya mwaka uliopita.

Alasiri, wanamuke wa parseli walikaa barazani kupua maharagwe, kuyatoa maganda, na mimi niliwasomea. Mwalimu wetu aliniazima kitabu cha Kiswahili kisicho na jalada, kwa hiyo hata jina lake sikulijua. Nilikipenda kwa sababu mutu anayesoma hatumwi maji kisimani. Niseme ukweli, hiyo ndiyo sababu ya kwanza.

Hadithi ilikuwa ya muke aliyepigwa na bwana wake, akakimbia na mutoto mugongoni. Nyanya yangu aliamini kila neno. Aliuliza ule muke ni wa ukoo gani, maana hakuna mutu asiye na ukoo. Mahali muke alipopata homa, nyanya alimuweka katika rozari ya jioni, tukamuombea kumi nzima ya Salamu Maria, kati ya wagonjwa wa paroisse, parokia yetu. Mama alikuwa wa namna nyingine. "Huyu anakimbia bila hata sufuria," alisema. "Atapikia katika nini?"

Kulikuwa na mumoja asiyesema. Alipanga chumba cha annexe yetu, kijumba cha nyuma, tukamuita mama wa annexe. Alitoka Kalehe, alimukimbia bwana wake akiwa na alama ya moto shingoni. Mara nyingi mikono yake ilisimama juu ya maharagwe, akaniambia, "Rudisha nyuma, mutoto yangu. Soma tena pale anafunga muzigo." Nikasoma tena. Alisikiliza kama mutu anayeonyeshwa njia.

Kaka zake walikuwa wametuma habari mara mbili: bwana anamutaka, na ng'ombe za mahari zimekwisha kuliwa. Wangekuja siku ya kwanza ya juma kuchukua jibu lake. Nyanya alipomuuliza atawajibu nini, alicheka kidogo. "Nangojea kwanza huyu mwenzangu wa kitabu. Vile atafanya, na mi njo vile nitafanya."

Sote tulicheka pamoja naye. Alikuwa hachezi.

Asubuhi moja ya mvua mama aliniambia nitafute makaratasi, karanga zilikuwa tayari. Ilinipasa kupanda hadi kwa muchuuzi wa juu aliyetupatia magazeti. Njia ilikuwa matope, nami nilikuwa muvivu. Nikachukua kitabu cha mwalimu, nikapasula kurasa za nyuma. Za mbele niliziogopa, mwalimu angefungua na kuona. Nilifikiri mwisho wa kitabu ni kama mwisho wa Misa, ni matangazo tu. Nikakunja vifuko vizuri sana, na mama akanisifu.

Siku chache baadaye tulifika pale nilipopasulia. Muke yuko ukingoni mwa muto, muzigo kichwani, mutumbwi unamungoja. Nyuma yake anaona moshi wa nyumba ya bwana wake. Ukurasa ukaishia katikati ya sentensi. Barazani hakuna aliyepua tena. Mama wa annexe alikuwa ameinama mbele.

Ningesema, kurasa zimekosekana. Maneno mawili tu. Lakini niliiona fimbo ya mama nyuma ya mulango, nikamuwaza na mwalimu. Nikaendelea kusoma pasipo na kitu. Nikasema muke aligeuka, akarudi. Bwana alimupokea kwa machozi, akamuchinjia mbuzi, hakumupiga tena, wakazeeka pamoja. Niliokota mwisho uliofanana na mafundisho ya katekisimu, kwa sababu mwisho kama ule hauulizwi.

Nyanya akapiga makofi. "Njo vile. Muke ni nyumba."

Mama wa annexe aliniangalia. "Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa."

"Mutoto yangu, imeandikwa hivyo kabisa?"

"Kabisa," nikasema, na nikafunga kitabu haraka.

Kaka zake walipokuja, walimukuta amekwisha kufunga muzigo. Kabla ya kuondoka alinipa kitambaa chake cha kichwa, cha maua ya njano, asante ya kumusomea. Nilikipokea kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa.

Kabla ya maharagwe ya musimu uliofuata kukomaa, muchuuzi mumoja kutoka Kalehe alimuambia mama kwamba bwana yule alimuvunja muke wake mukono, na mukono uliungana vibaya. Mama alilia. Mimi nilikwenda kuchota maji bila kutumwa.

Ile ilikuwa aibu ya mutoto, na mutoto husamehewa. Ya pili ndiyo iliyonifunga kinywa siku ya posho. Nilikuwa tayari na muzaliwa wangu wa kwanza mugongoni nilipomukuta mama wa annexe Nyawera, anauza nyanya, anazipanga kwa mukono wa kushoto. Alifurahi kuniona. Akamushika mutoto shavu, akaniuliza, "Ungali unasoma?"

"Hapana, mama."

Akasema polepole, bila hasira, "Mi sikukuwa na baraka ya ule mwenzangu. Labda yeye alijua kuomba musamaha vizuri kunipita."

Miaka yote ile aliamini kwamba muke wa kitabu alimushinda. Alijihukumu kwa uongo wangu. Na pale hapakuwa na fimbo tena, wala mwalimu. Nilikuwa mutu muzima. Nikanunua nyanya, nikamuambia asante, nikaondoka. Amekufa sasa. Hakuna wa kumuambia.

Mwisho wa kweli sikuujua kamwe. Ulikunjwa, ukatiwa karanga, mutu akala, akatupa njiani, mvua ikauchukua. Hata jina la kitabu sina la kuuliza. Baraza ile imebomolewa, annexe imekuwa duka la sabuni na unite za telefone, na wanamuke wananunua maharagwe yaliyopuliwa. Nyanya yangu, mama yangu, wote wamelala. Nimebaki peke yangu kati ya waliosikia kitabu kile, na mimi ndimi niliyekiharibu.

Kwa hiyo nimewaita wote wa nyumba hii, na wageni wa siku ya posho pamoja nao, nikaamuru hivi: hapa kwangu, anayemusomea mwenzake akifika pasipo na ukurasa, aseme hakuna ukurasa. Afunge kitabu, anyamaze, hata kama watu wote wameinama wanangoja.